Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Mbwa aliyezoea kipigo haambiwi kwamba mambo yamebadilika. Mtoto aliyetolewa kwenye nyumba ya mateso anaweza kuambiwa kuwa hapa hakuna atakayemgusa. Huenda asiamini, lakini maneno yameshasemwa. Atayarudia usiku, atayapima kesho yake, na huenda siku moja akayaegemea. Mkimbizi huambiwa kwamba ameshavuka mpaka. Mgonjwa huambiwa kwamba sindano itauma kidogo, kisha basi. Mbwa hana mlango huo. Huwezi kumweleza kwamba aliyemmwagia maji ya moto ni mtu mwingine, kwamba waya uliomkaba shingo hautarudi, kwamba mkono huu unaomsogelea umeshika chakula. Kila unachotaka kumwahidi itabidi ukitende, tena ukitende mara nyingi, mpaka afike mwenyewe mahali ambapo wewe huna namna ya kumfikisha.

Tumezoea wema wenye maelezo. Misaada yetu huja na hotuba, mara nyingi na picha, na karibu daima tunangoja shukrani. Anayetoa husema kwa nini ametoa, anayepokea husema amepokeaje, na kati ya maneno hayo mawili tunaamini kwamba jambo la maana limetendeka. Nataka kujua kinachobaki maneno yote yakiondolewa. Ukimtendea wema kiumbe asiyeweza kuijua nia yako, asiyeahidi kukushukuru, na ambaye huna namna ya kumwambia kwamba yaliyopita yamepita, wema huo unakaa wapi hasa?

Kwetu Morogoro tunaye mbwa wa namna hiyo. Ni jike, koko wa kawaida, rangi ya udongo mkavu, ncha za masikio zimeliwa na nzi, na mgongoni ana sehemu pana ambayo manyoya hayaoti tena. Alikuja msimu wa masika, akajibanza upenuni nyuma ya tangi la maji, na hakuna aliyemfukuza. Kupokelewa kwake kulikuwa huko tu. Hatujui alikotoka, lakini mwili wake unasimulia. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, yeye anakimbia, kwa sababu mitaani kwetu anayeinama mbele ya mbwa anaokota jiwe. Ufagio wa chelewa ukiegemezwa ukutani, anapita mbali nao, ukishikwa, hayupo. Sufuria ikifunuliwa na mvuke ukapanda, anafyata mkia na kurudi nyuma ya tangi. Anawaogopa wanaume kuliko wanawake, na wavulana wenye sare za shule kuliko wote. Mpelelezi angeweza kuandika kesi nzima kutokana na hofu zake.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema kwamba anakosea. Kushtuka kwake ni elimu aliyoilipia kwa maumivu, na kwa miezi au miaka elimu hiyo ndiyo iliyomweka hai. Tunaposema mbwa huyu "ana tatizo la woga," tunasahau kwamba mbwa wenzake ambao hawakuwa na tatizo hilo pengine hawapo tena.

Mwezi Septemba 1924 mto Neva ulifurika na kuingia katika jiji la Leningrad. Maji yalifika kwenye vizimba vya mbwa wa Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 na ambaye majaribio yake juu ya mbwa wanaodondokwa na mate kwa kuzoeshwa ishara yanafundishwa hadi leo. Mbwa walikuwa wakiogelea vichwa vikiwa karibu na dari ya vizimba wakati msaidizi wa maabara alipowafikia. Milango ya vizimba ilikuwa chini ya maji, hivyo ilibidi awavute kuwazamisha kwanza ndipo awatoe. Walipona. Lakini baadhi yao walikuwa wamebadilika: mambo waliyokuwa wamefunzwa kwa muda mrefu yalikuwa yamefutika. Na baadaye, walipokuwa wameanza kurejea hali yao, yalipitishwa maji kidogo tu chini ya mlango wa chumba cha majaribio, na hofu yote ikarudi.

Watu hutaja mkasa huo ili kuonyesha jinsi kumbukumbu ya hofu ilivyo ngumu kufutika. Mimi hushikwa zaidi na namna wale mbwa walivyookolewa. Kwa mbwa aliyekuwa akipigania pumzi ya mwisho, mkono wa mwokozi ulikuwa mkono unaomvuta chini. Hakuna alama yoyote iliyoutofautisha na kifo. Ndivyo ilivyo kwa mbwa koko siku bwana mifugo anapofika na sindano ya chanjo, au siku anapoogeshwa dawa ya kupe kwa mara ya kwanza. Wewe unajua huo ni uokozi. Yeye anajua ameshikwa tena, na kwamba kila aliposhikwa zamani kilifuata kitu kibaya. Anayepokea mnyama aliyeteswa lazima akubali kuishi kwa muda akiwa, machoni pa yule anayemsaidia, mmoja wa watesi.

Na wanaorusha mawe nao wanastahili kusikilizwa. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo huua karibu kila anayeupata. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, vingi vikiwa Afrika na Asia. Karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Mtaa uliomzika mtoto kwa ugonjwa huo hauhitaji kufundishwa kwa nini mbwa asiye na mwenyewe anatupiwa jiwe. Hofu ya mbwa kwa watu na hofu ya watu kwa mbwa zimeleana kwa vizazi, na kila upande una ushahidi wake.

Lakini jiwe halizuii kichaa. Kinachokizuia ni chanjo: ikifikia takriban asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi unaweza kukatika, kama ilivyoonekana katika kazi ya miaka mingi iliyofanyika Serengeti na kisiwani Pemba. Kwa hiyo anayetaka kumfuga mbwa aliyeokotwa, upendo wake wa kwanza ni kadi ya chanjo. Si jambo la kuandikiwa shairi, lakini bila hilo mapenzi yote yanayofuata yanabebwa na majirani ambao hawakuulizwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, ya mwaka 2008, inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Hakuna sheria inayoweza kumwamuru mtu asiogope. Hofu hupungua polepole, mbwa mmoja aliyechanjwa baada ya mwingine.

Sasa tuje kwenye jeraha lenyewe. Kipigo humuumiza mbwa, lakini wapo mbwa wanaopigwa na bado wanabweka, wananguruma, wanapigania mfupa. Aliyeharibiwa kweli ni yule ambaye hafanyi lolote. Unamsogelea, anajilaza chini na kufumba macho. Mlango uko wazi, haondoki. Mwenye haraka atasema ni mpole. Si mpole. Ameacha kuamini kwamba kuna tendo lake lolote linaloweza kubadili kitakachompata. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na huyu amekufa moyo.

Hali hiyo imechunguzwa, na ni uchungu kusimulia jinsi ilivyochunguzwa. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier waliwapiga mbwa kwa shoti za umeme. Kundi moja liliweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata shoti zilezile, kwa urefu uleule, ila hakuna walichokifanya kilichozizima. Baadaye wote waliwekwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi katikati. Kuruka tu upande wa pili kulitosha kuepuka maumivu. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakilia, wakingoja iishe. Maumivu yalikuwa sawa. Kilichowatenganisha ni kwamba wa kwanza tendo lao lilikuwa limejibiwa na wa pili halikujibiwa. Katika kutafuta tiba, kuwaita hakukusaidia, wala kuwawekea nyama upande wa pili. Kilichosaidia ni kuwafunga kamba na kuwavuta hadi ng'ambo, tena na tena, mpaka miili yao ikatambua kwamba ng'ambo ipo na kwamba miguu inafika.

Kwa karibu miaka hamsini jambo hilo liliitwa unyonge wa kujifunza: kwamba kiumbe hujifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 Maier na Seligman wenyewe waliandika kwamba walikuwa wamelielewa kinyume. Uchunguzi wa ubongo, uliofanywa zaidi kwa panya, ulionyesha kwamba kunyong'onyea mbele ya mateso marefu hakufundishwi. Ndiyo hali ya asili ya mwili unapoelemewa. Kinachofundishwa ni lile jingine. Sehemu ya mbele ya ubongo, ikishagundua kwamba tendo lina matokeo, huituliza ile hali ya asili na kumkinga kiumbe hata katika shida zijazo.

Sijui ugunduzi mwingine wa maabara wenye uzito kama huo kwa anayetafakari maana ya maisha. Tulidhani tumaini ni mali tuliyozaliwa nayo na kwamba ulimwengu hutunyang'anya. Kumbe tulichozaliwa nacho ni uwezo wa kulala chini. Tumaini hufunzwa, na hufunzwa kwa njia moja tu: kwa kutenda na kujibiwa. Wazee wa pwani walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hiyo husomwa kama sifa ya mbwa na ukakamavu wake. Lakini tazama inavyoweka sharti: lazima ufuko uonekane. Mwenye nguvu zote za kuogelea atazama katikati ya maji yasiyo na mwisho, na mchovu atafika akiuona mchanga. Kazi ya anayempokea mbwa aliyeteswa si kumwogelea. Ni kukaa mahali pamoja, bila kuhamahama, ili aonekane.

Kwa vitendo, hilo ni jambo la kuchosha na lisilo na sifa. Ni bakuli lilelile, mahali palepale, saa ileile, ugali wa dona na vichwa vya dagaa, kisha unaondoka ili ale bila kutazamwa. Ni kukaa umempa ubavu, kwa sababu uso kwa uso, kwa mbwa, ni ugomvi. Ni kutompitishia mkono juu ya kichwa. Ni kuwafundisha watoto wa nyumbani kutokimbia wanapompita na kutomfuata akijificha. Wanaohudumia mbwa waliookolewa wana kanuni ya makadirio: siku tatu za kupunguza mshtuko, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kuanza kujiona yuko kwao. Kanuni hiyo inafaa kwa sababu moja tu, inamzuia mtu asidai matunda ya miezi katika siku. Kwa aliyeumizwa sana, kalenda huwa ndefu zaidi, na kwa mbwa ambaye hakuwazoea watu akiwa bado mtoto, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, kuna milango ambayo haitafunguka kabisa.

Lakini jambo kubwa kuliko ratiba ni hili: kukataa kwake kuwe na nguvu. Ukimsogelea akarudisha kichwa nyuma, unasimama. Akigeuza uso, unaondoa mkono. Akinguruma, humpigi kwa kunguruma. Unamshukuru kimoyomoyo kwamba amesema badala ya kuuma. Mwanzoni inaonekana ni kumdekeza. Sivyo. Huko kurudi kwako nyuma ndiko kunakomwonyesha, kwa lugha pekee anayoielewa, kwamba alichokifanya kimeleta jambo. Kwa muda mrefu alikuwa akilia na kipigo kinaendelea, akijikunyata na mateke yanaendelea. Sasa anageuza shingo kidogo tu, na ulimwengu unasimama. Kukaribia kwake, ikiwa kutakuja, kutakuwa na maana kwa sababu kungeweza kutokuja. Ndiyo ya asiyeweza kusema hapana haina uzito wowote.

Mzee wa nyumba ya jirani huwa ananitania kuhusu mbwa huyu. Jioni moja nilimwamkia akiwa barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi mwalimu, huyo mbwa wako anakusaidia nini? Mwizi akija, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kujificha."

"Ni kweli mzee, atajificha."

"Sasa?"

Swali lake ni la haki, na si lake peke yake. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika mihadhara yake ya maadili, alifundisha kwamba hatuwiwi na wanyama wajibu wowote wa moja kwa moja. Tunaacha kuwatesa kwa sababu anayezoea kumtesa mnyama hugeuka kuwa mgumu hata kwa watu. Mfano alioutumia ni wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu mpaka akazeeka: huyo anastahili kutunzwa hadi afe. Ni maneno ya ubinadamu, ila mbwa wa Kant ameshafanya kazi. Anachopewa uzeeni ni kiinua mgongo.

Mei 2005 jiji la Nairobi lilishuhudia kisa kilichosambaa dunia nzima. Mbwa jike asiye na mwenyewe alimkuta mtoto mchanga wa kike aliyetupwa msituni na, kwa mujibu wa mashuhuda, akamburura kuvuka barabara na kupita kwenye uzio hadi kwenye kibanda alikokuwa akinyonyesha. Watu walisikia kilio, mtoto akapelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na shirika la kutunza wanyama la nchi hiyo, KSPCA, likamchukua mbwa yule. Akapewa matibabu, chakula na jina: Mkombozi. Hakuna asiyefurahi kusikia hivyo. Bado najiuliza juu ya siku iliyotangulia. Mbwa yuleyule, mwenye mbavu zilezile, alipita kwenye barabara ileile bila jina. Kilichobadilika ni kwamba alitufaa. Kama kila mbwa atangoja kumwokoa mtoto ndipo ahesabiwe, basi kinachopimwa ni faida yetu, na kukiita huruma ni kujipendelea.

Kuna mfupa unaoshuhudia kwamba hatukuwa hivyo siku zote. Mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na jiji la Bonn nchini Ujerumani, wachimbaji wa mawe walifukua kaburi lenye umri wa karibu miaka 14,000, la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Uchunguzi wa meno yake uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba alikuwa mdogo, wa miezi saba hivi, na kwamba kabla ya kufa aliugua vibaya, kwa vipindi vilivyorudia, ugonjwa ambao watoto wa mbwa hawauvuki bila kutunzwa. Pengine mtu alimsafisha, akampa maji, akampa joto. Katika wiki hizo zote mbwa huyo hakuweza kuwinda wala kulinda, na hakuwa amewahi kufikia umri wa kumtumikia yeyote. Ni miongoni mwa mbwa wa kale zaidi tunaowajua kwa hakika, na alikuwa mzigo mtupu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa bibi mmoja wa swala tano. Mbwa hamgusi. Wakikutana njiani huikusanya kanga yake, kwa kuwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini chini ya mwembe wake kuna kigae cha mtungi anachokijaza maji kila asubuhi wakati wa kiangazi, na mbwa wetu amejifunza kwenda kunywa pale. Nilipomshukuru alinishangaa. "Mwanangu, unanishukuru ya nini? Kiu ni kiu." Hakuna mgongano katika mwenendo wake. Hadithi iliyopokewa katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim inasimulia juu ya msafiri aliyeshuka kisimani akanywa, kisha alipotoka akamkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kwenye kiatu chake, akapanda amekishika kwa meno ili amnyweshe, na Mungu akamsamehe. Yule mbwa hakuwa wake, hakumlindia kitu, na hatusikii kwamba alimfuata nyumbani. Bibi anajua kwamba umbali na huruma vinaweza kukaa pamoja. Ni somo ambalo wapenda mbwa tunalihitaji, maana upendo wetu mara nyingi hauwezi kuvumilia bila kushika.

Hata hivyo nisingesema kwamba katika shughuli hii anayetoa ni mtu na anayepokea ni mbwa. Emmanuel Levinas, mwanafalsafa wa Ufaransa mzaliwa wa Lithuania, alitekwa na Wajerumani mwaka 1940 akiwa mwanajeshi. Sare ilimkinga na kambi za maangamizi, lakini kwa kuwa alikuwa Myahudi aliwekwa kwenye kikosi cha mateka Wayahudi waliokata miti msituni, kaskazini mwa Ujerumani. Katika makala aliyoiandika mwaka 1975 anakumbuka jinsi watu huru waliopita karibu nao walivyowatazama na kwa mtazamo huo kuwavua ubinadamu. Kisha akatokea mbwa asiye na kwao, akaanza kuishi pembezoni mwa kambi. Wafungwa walimwita Bobby, jina ambalo hata hapa Morogoro ukiliita kwa sauti hawatakosa mbwa wa kugeuka. Asubuhi kwenye gwaride na jioni walipotoka kazini, Bobby aliwalaki kwa kurukaruka na kubweka. Yeye hakuwa na shaka kwamba wale ni watu. Baada ya majuma machache walinzi walimfukuza.

Levinas, ambaye falsafa yake yote imesimama juu ya uso wa mwenzako na madai yake juu yako, alipoulizwa baadaye kama mnyama naye ana uso, alisitasita. Sitagombana naye. Ninachokichukua kwake ni kile alichokiona kambini: kwamba mtu mzima, msomi, mwenye lugha kadhaa, anaweza kufikishwa mahali ambapo lolote analolifanya halijibiwi kama tendo la mtu, na kwamba hapo kiumbe mmoja kumwitikia kunatosha kumkumbusha yeye ni nani. Mbwa wa Pennsylvania na mateka wa msituni walinyimwa kitu kilekile.

Liko swali zito kuliko la mzee wa barazani. Kuna watoto wanaolala stendi, na wewe unahangaika na mbwa? Siwezi kulijibu kwa kuonyesha kwamba ukoko wa sufuria na vichwa vya dagaa haviwezi kumsomesha mtu. Mtoto na mbwa hawako kwenye mizani moja, na anayemwona mbwa kuliko mtoto amepotoka. Lakini angalia namna tunavyowasaidia hao watoto. Tunawapiga picha wamekumbatia magunia tuliyoleta, na hakuna aliyewauliza. Binti anaamrishwa amsalimie kwa mkono mjomba anayemwogopa. Dada wa kazi ana chumba na chakula, ila hana njia ya kusema leo nimechoka. Mgonjwa anageuzwa kitandani bila kuambiwa. Tunatoa vitu vingi, na karibu vyote tunavitoa kwa watu ambao hapana yao haituzuii. Kisha tunashangaa kwamba wanatuangukia kwa upole huku macho yao hayapo. Upole ule nimeshauona nyuma ya tangi la maji.

Na hapa sitaki kumpamba mbwa wetu. Hajageuka kuwa kisa cha kutia moyo. Mvua ikipiga bati kwa nguvu bado anatetemeka, na wavulana wa shule bado anawakwepa. Akija kulala karibu na kiti changu, siwezi kuapa kwamba huko ni kushukuru. Pengine ni mahali penye kivuli. Sihitaji kujua. Kama thamani ya kazi hii ingengoja apone kabisa, ingekuwa ni biashara yenye hasara. Kila siku ambayo hatua yake imejibiwa ni siku iliyokamilika, hata ile ya mwisho ikija kabla hajapona.

Kila mmoja wetu aliwahi kulia kabla ya kuwa na neno lolote, na mtu akaamka. Hakutueleza kitu; tusingeelewa. Alikuja tu, kisha akaja tena, mpaka mwili ukashika kwamba kilio kinafika mahali. Hakuna anayekumbuka masomo hayo, ndiyo maana tunajisifu kwamba ujasiri ni tabia yetu na kumlaumu aliyeukosa. Hatuna chetu hapo. Tumaini la kila mtu ni kazi ya mtu mwingine, na asiyekuwa nalo si mvivu wa roho, ila hakupata wa kumjibu. Deni la namna hiyo halilipwi kwa aliyekukopesha, maana mara nyingi hayupo, au hujui usiku gani aliamka. Hulipwa kwa yeyote aliyelala chini mbele ya mlango ulio wazi, awe na miguu miwili au minne.

Anayetaka kulipa kwa mbwa aliyeteswa aanze na bwana mifugo na chanjo, kisha maji safi, kisha mahali ambapo mnyama anaweza kujificha bila kufuatwa. Asinunue mnyororo. Na ajiandae kukataliwa, kwa sababu siku mbwa huyo atakapougeuzia mkono wake uso pembeni na asikimbie, ajue kwamba amejibiwa.